Maoni: Shavu la mtoto likivimba, kungoja ndiyo hatari

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo, mambo huanza karibu kwa njia moja. Mtoto anaamka asubuhi shavu limevimba. Anakataa uji, mate yanamtoka, mdomo unanuka. Bibi anasema ni jino linataka kuota. Jirani anasema ni sumu, ile ambayo watu wa Kivu wanaita karuho. Baba anaenda kwenye kiduka cha dawa cha karibu, ananunua vidonge viwili vya kutuliza maumivu na kapsuli mbili za antibiotiki, kwa sababu pesa haitoshi kununua zaidi. Siku ya kwanza inapita, ya pili, ya tatu.

Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Kila mmoja amefanya alichoweza. Lakini kuna magonjwa ya mdomo ambayo hayangoji siku tatu, na mashariki mwa Kongo ndipo yanapokuta kila kitu yanachohitaji: njaa, surua, malaria, maji machafu na kituo cha afya kilicho mbali. Wakati umefika wa kuacha kuhesabu mdomo uliovimba kuwa jambo dogo, nyumbani kwanza, lakini zaidi katika vituo vya afya na katika ofisi za wakubwa wanaopanga mambo ya afya.

Sababu ni nyingi, dawa si moja

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba mdomo uliovimba una sababu moja na dawa moja. Sababu ni nyingi, na dawa inayosaidia hii inaweza kuharibu ile.

Kwa watu wazima na watoto wakubwa, sababu inayojulikana sana ni jino lililooza. Sukari inalisha vijidudu, vijidudu vinatoa asidi, asidi inatoboa jino polepole mpaka ndani kwenye mshipa. Usaha unajikusanya kwenye mzizi na shavu linavimba. Hapo antibiotiki inaweza kupunguza uvimbe kwa siku chache, lakini chanzo kinabaki palepale: jino lenyewe. Bila kulisafisha ao kuling'oa, uvimbe utarudi, na unaweza kurudi na nguvu zaidi.

Fizi nazo zinavimba na kutoka damu kwa sababu ya uchafu unaoganda kati ya meno. Kwa mama mwenye mimba jambo hilo linatokea mara nyingi, maana mabadiliko ya mwili yanafanya fizi ziumie upesi. Wengi wakiona damu wanaacha kupiga mswaki. Kumbe huo ndio wakati wa kupiga mswaki, polepole na kwa mswaki laini, mpaka fizi zitulie.

Kuna vile vidonda vidogo vyeupe vinavyochoma mtu akila pilipili, nanasi ao ndimu. Kwa kawaida vinapona vyenyewe ndani ya juma moja ao mawili. Kuna utando mweupe kama maziwa yaliyoganda juu ya ulimi na ndani ya mashavu: huo ni ukungu. Kwa mtoto mchanga ni jambo la kawaida na dawa yake ipo, lakini kwa mtu mzima ni sababu nzuri ya kupima VIH na kisukari. Pembe za midomo zinazopasuka mara kwa mara zinaweza kuonyesha upungufu wa vitamini ao wa damu.

Na tangu mwisho wa 2023, wakaaji wa Kivu ya Kusini wanajua sababu nyingine. Aina mpya ya virusi vya mpox ilitambuliwa Kamituga, kwenye machimbo ya zahabu, kiisha ikasambaa hadi OMS ikatangaza hatari ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Mpox inaweza kuleta vidonda ndani ya kinywa na kuvimbisha tezi chini ya taya, wakati mwingine mbele ya mapele kuonekana mwilini. Mtu mwenye homa, tezi zilizovimba na vidonda mdomoni hapaswi kushirikiana kikombe wala kijiko na wengine mpaka muganga amwone.

Kuna pia kuvimba kunakokuja ghafla, bila jino bovu na bila homa: midomo, ulimi ao macho yanavimba ndani ya dakika chache ao saa chache. Mara nyingi mwili umekataa chakula fulani kama karanga ao samaki, mdudu amemuuma mtu, ao ni dawa. Watu wanaotibiwa presha wanapaswa kujua kwamba dawa kama captopril, enalapril na lisinopril zinaweza kuvimbisha midomo na ulimi, hata kama mtu alizimeza miezi mingi bila shida, na jambo hilo linapata watu weusi zaidi kuliko wengine. Uvimbe wa namna hii ukiingia kooni unafunga pumzi. Si wa kungojea asubuhi.

Ugonjwa unaokula uso

Lakini kati ya sababu zote, kuna moja inayostahili kujulikana kwa jina lake katika kila nyumba yenye mtoto mdogo: noma. Jina linatoka kwa neno la Kigriki lenye maana ya kula, na ndivyo ugonjwa wenyewe unavyofanya. Unakula uso wa mtoto.

Unapata hasa watoto wa kati ya miaka 2 na 6, wale ambao chakula kidogo na magonjwa ya mfululizo vimemaliza nguvu ya mwili. Mara nyingi unakuja nyuma ya surua ao malaria, kwa mtoto ambaye tayari ana bwaki ao amekonda sana. Unaanza kama jambo lisilo na maana: fizi nyekundu, zinatoka damu, zinauma, na kinywa kinanuka. Kiisha vidonda vya rangi ya majivu vinatokea kwenye fizi. Kiisha shavu ao mdomo unavimba, homa inapanda, mtoto anashindwa kula. Siku chache baadaye doa jeusi linaonekana kwenye ngozi ya shavu, na nyama inaanza kuanguka. Asubuhi moja kuna tundu, na meno yanaonekana kupitia shavu.

Bila matibabu, kufuatana na OMS, karibu watoto 9 kwa 10 wanakufa, wengi ndani ya majuma mawili tu. Anayepona anabaki na uso uliokatika, taya lisilofunguka, shida ya kula na ya kusema. Wengine wanafichwa nyumbani, kwa sababu majirani wanasema familia imelaaniwa ao mtoto amelogwa. Kumbe noma haitokani na uchawi, na haiambukizi. Ndugu anaweza kulala kando ya mgonjwa bila kuipata.

Ulaya iliijua noma zamani. Ilipotea kule, miaka mingi mbele ya antibiotiki kugunduliwa, wakati watu wa kawaida walipoanza kula vizuri na kuishi kwa usafi. Ikarudi mahali pamoja: katika makambi ya Wanazi, kama Auschwitz, ambako watoto waliachwa na njaa. Habari hiyo inafundisha jambo moja. Noma si ugonjwa wa Afrika, ni ugonjwa wa njaa. Unapoonekana mahali fulani, unashuhudia namna watoto wa pale wanavyoishi.

Tarehe 15 Desemba 2023, OMS iliingiza noma kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Nigeria ndiyo iliyosimama mbele ya inchi zingine kudai jambo hilo. Ilikuwa hatua kubwa, lakini orodha ya Geneva haimfikii mama wa Masisi, wa Fizi ao wa Djugu kama hakuna mtu wa kuishusha mpaka kwenye kituo cha afya cha kijiji chake.

Na sababu za kuogopa ziko hapa. Katika mlipuko wa surua ulioshika Kongo kuanzia 2019, watu zaidi ya 6.000 walikufa, wengi wao watoto wasiofikia miaka mitano. Mwanzo wa 2025, hesabu za chakula zilionyesha karibu watu milioni 28 wenye njaa kali katika inchi nzima, na mikoa ya mashariki ndiyo iliyoguswa zaidi na vita. Familia zilizohama mara mbili, mara tatu, zikilala chini ya mahema ama katika madarasa ya shule, ndizo zenye watoto ambao noma inatafuta.

Yanayosaidia nyumbani, na yanayoharibu

Wakati wa kumpeleka mgonjwa, kuna mambo ya nyumbani yanayosaidia kweli. La kwanza ni maji ya chumvi: nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemka na kupoa kidogo. Mtu anasukutua kinywa na kutema, mara tatu ao nne kwa siku na kila baada ya kula. Maji yawe yamechemshwa kweli. Maji ya ziwa ao ya mto yanayochotwa na kutumiwa hivihivi yanaleta kipindupindu, na kidonda kilicho wazi hakihitaji uchafu mwingine.

La pili ni kitambaa safi chenye maji baridi juu ya shavu, nje, kwa dakika chache. La tatu ni paracetamol kwa maumivu na homa, kwa kipimo kinachofuata kilo za mtoto. La ine ni kula vitu laini visivyochoma, kama uji, maharagi yaliyopondwa, parachichi ao ndizi iliyoiva, na kunywa maji mengi. Mtoto anayekataa kula kwa sababu ya kidonda anadhoofika, na udhaifu unakipa kidonda nguvu. Mswaki nao usiachwe, hata kama ni wa mti, mradi ni safi na laini.

Yanayoharibu ni mengi pia. Kuponda aspirini na kuiweka juu ya fizi kunaunguza nyama. Maumivu ya jino yanabaki, na kidonda kipya kinaongezeka. Petroli na maji ya batri vinachoma kinywa na vinaweza kuua mtu akivimeza. Kutoboa uvimbe kwa wembe ao sindano ya nyumbani kunasukuma usaha ndani zaidi. Kuweka moto juu ya shavu lenye usaha kunaweza kueneza uvimbe. Dawa kali za kutuliza kama ibuprofen na diclofenac, zikimezwa siku nyingi bila kutibu jino lenyewe, zinaficha maumivu wakati ugonjwa unashuka kuelekea shingoni.

Kapsuli mbili za antibiotiki haziponyeshi chochote. Zinaua vijidudu dhaifu na kuacha vile vyenye nguvu, na siku mtoto atakapohitaji dawa hiyo kweli, inaweza kumkosa. Anayeuza kapsuli mojamoja anajua hilo, ao anapaswa kulijua. Wakubwa wa afya katika mikoa wanaopita kukagua leseni na kodi za viduka vya dawa wangeweza pia kukagua jambo hili.

Kuna tendo lingine la kuachwa kabisa: kuchokoa fizi za mtoto mchanga. Katika inchi nyingi za Maziwa Makuu, mtoto akiwa na homa na kuhara, watu wanaona vinundu vyeupe kwenye fizi na kusema ni meno mabaya. Tanzania wanayaita meno ya plastiki. Mtu mmoja anakuja na kijiti cha waya ao msumari na kuyang'oa. Kile kinachong'olewa ni jino la kweli ambalo halijaota. Mtoto anapoteza damu, anaweza kupata pepopunda ao VIH, na kuhara kwake hakujatibiwa. Homa na kuhara vina sababu zake, na sababu hizo zinapimwa kwenye kituo cha afya.

Dalili za kuondoka nyumbani mara moja

Mgonjwa apelekwe hospitali siku ileile, hata usiku kama usalama unaruhusu, akiwa na moja ya dalili hizi: ulimi ao koo vinavimba, anapumua kwa shida ao sauti inabadilika, anashindwa kumeza mate yake, uvimbe unashuka chini ya taya na shingoni ao unapanda kuelekea jicho, hawezi kufungua mdomo, homa ni kali, ao kuna doa jeusi kwenye shavu. Uvimbe mgumu chini ya ulimi, pande zote mbili, unaotoka kwenye jino la nyuma, unaweza kufunga pumzi ndani ya saa chache. Watu wazima wenye nguvu zao wamekufa kwa jino lililooza kwa njia hiyo.

Kwa mtoto asiyefikia miaka sita, aliyekonda ao aliyetoka kwa surua, fizi zinazotoka damu na kunuka zinatosha. Asingojewe avimbe.

Na kwa mtu mzima, kidonda chochote cha mdomo ambacho hakijapona baada ya majuma mawili kionwe na muganga, hata kama hakiumi, hasa kwa anayevuta tumbako na kunywa pombe kali. Saratani ya mdomo mara nyingi inaanza bila maumivu.

Sekunde thelathini za muuguzi

Hapa ndipo penye lawama ya kweli, na haiendi kwa wazazi. Kila mwezi, wamama wanapanga mstari mbele ya vituo vya afya kwa CPS, kupimisha watoto kilo. Muuguzi anaweka mtoto kwenye mizani, anapima mkono kwa utepe wa rangi, anaangalia karatasi ya chanjo. Katika kazi hiyo yote, mara nyingi hakuna anayefungua mdomo wa mtoto. Kuinua mdomo wa juu na kuangalia fizi kunahitaji sekunde thelathini, mikono safi na mwangaza wa dirisha.

Watu watasema kwamba mashariki mwa Kongo kuna mambo makubwa zaidi: risasi, kipindupindu, wamama wanaokufa wakizaa. Ni kweli. Lakini hakuna anayeomba hospitali mpya wala pesa zichukuliwe kwa kipindupindu. Mtoto aliye tayari kwenye mizani, mbele ya muuguzi aliye tayari kazini, anaangaliwa kitu kimoja zaidi. Anayetibu njaa bila kuangalia fizi ameacha mlango mmoja wazi.

Watasema tena kwamba waganga wa meno ni wachache, na wengi wao wanakaa mijini. Hilo pia ni kweli, na ndiyo sababu noma isingojee muganga wa meno. Mwanzoni inasimamishwa na muuguzi wa kawaida, kwa amoxicilline na métronidazole, dawa ya kusukutua kinywa, vitamini A na chakula chenye nguvu. Hizo si dawa za ajabu. Nyingi zinapatikana ama zinapaswa kupatikana katika kila kituo. Kinachokosekana ni muuguzi aliyefundishwa kutambua ugonjwa wakati bado ni fizi tu. Ukishatoboa shavu, hapo ndipo zinahitajika operesheni nyingi, waganga wa mbali na pesa ambazo familia haitaziona maishani.

Mambo ya kufanya basi yanajulikana. Wizara ya afya na mikoa iingize kuangalia mdomo katika kazi ya kila siku ya CPS, ya chanjo na ya vituo vinavyotibu njaa. Mashirika yanayosaidia waliohama yaweke mswaki na dawa ya meno yenye fluor pamoja na sabuni na mikebe wanayogawa. Tangu 2021 OMS inahesabu dawa hiyo ya meno kati ya dawa za msingi. Wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, wale RECO, wafundishwe ishara tatu tu: fizi zinazotoka damu, kinywa kinachonuka, shavu linalovimba. Redio za mitaa, makanisa na misikiti vinaweza kusema maneno hayo matatu kila juma bila kulipwa franka moja.

Lakini mzazi hana haja ya kungoja wizara. Mama anayempeleka mtoto kupima kilo juma hili anaweza kumwambia muuguzi: tafadhali, mwangalie na fizi. Hakuna atakayemkatalia. Na usiku, mbele ya kulala, anaweza kuinua mdomo wa mtoto wake mwenyewe karibu na taa na kuangalia. Kama fizi ni za rangi yake ya kawaida, hazitoki damu na hazinuki, alale kwa amani. Kama sivyo, asubuhi ya kesho safari iwe ya kituo cha afya, kiduka cha dawa kitafuata baadaye.